Harufu ya Samaki Ukutani

Neema mjukuu wangu,

Salamu sikupi. Tumeamkiana asubuhi, umekunywa chai yangu, na kesho uwanja wa ndege nitakushika mkono mpaka pale wanapowarudisha watu wasio na tiketi. Sasa hivi mko kanisani, wanawake wa kwaya wanakuimbia nyimbo za kuaga na kulia machozi ya kuomba viatu kutoka Kanada. Mimi nimesema mguu unaniuma. Mguu hauniumi. Nimebaki nyumbani niandike, kwa sababu nikikuambia kwa mdomo utajibu "Ndiyo, Koko," kisha utaendelea kukunja nguo za mtoto. Ninakujua. Ile "ndiyo" yako nimekufundisha mimi.

Usicheke mwandiko. Nilisoma mpaka darasa la tatu pale Uvira, na mwalimu mwenyewe alikuwa anasinzia. Lakini ndagala, dagaa wa ziwa letu, nimeuza soko la Warwick hapa Durban miaka yote hii, na hajazaliwa mteja wa kunipunja. Kwa hiyo soma na unyamaze.

Mambo ya uji wa mtoto wako Elia sitakuandikia, wala mafuta ya ngozi, wala jinsi ya kukaa na bwana. Hayo yote nimekupigia kelele tangu mwaka jana mpaka majirani wanayajua kwa moyo. Nataka kukuandikia habari ya chumba kile bwana yako Fiston alichowatayarishia kule Kanada, wewe na mtoto. Chumba kile ninakiogopa. Ndiyo, umesoma vizuri. Mimi niliyetoka Congo kwa mguu, nikapita Tanzania na Msumbiji na wewe mgongoni, mtoto wa miaka minne, mzito kama gunia la chumvi, nimekaa hapa na kalamu, naogopa chumba.

Jumapili bwana yako alipopiga simu ya video, akazungusha simu ili tuone nyumba. Nyumba ya mbao, ya zamani sana. Alisema yule mzee mwenye nyumba anayekaa juu alizaliwa ndani yake. Ninyi mtakaa chini, chini kabisa, nusu ya chumba imezama ardhini. Fiston alikuwa anacheka tu. "Koko, ona kapeti! Koko, ona kitanda ya Elia!" Wewe ukapiga vigelegele. Wewe ulikuwa unamtazama bwana yako, mimi nilikuwa natazama ukuta.

Niliona waya wa ekstensheni ukitoka kwenye soketi, ukiingia chini ya kapeti mpya, ukitokea upande wa pili kwenye heta. Niliona ile soketi iko na matundu mawili tu, la tatu hakuna, maana yake nyumba ilijengwa kabla watu hawajafikiria habari ya waya wa ardhi. Niliona dirisha moja dogo kule juu, karibu na plafon, amelifunika na nailoni na kulibana na utepe pande zote nne ili baridi isiingie. Halafu akaenda kuwasha birika atuonyeshe jiko, na taa ikafifia. Ikafifia, kisha ikarudi, kama mtu aliyetaka kusema neno akalimeza.

Wewe hukuona. Mimi nikamwuliza.

"Fiston, papa, hiyo taa iko na ugonjwa gani?"

"Aa, Koko! Hiyo ni uzee wa nyumba tu. Zamani ndiyo ilikuwa mbaya. Fyuzi zilikuwa zinaungua kila siku. Unawasha heta, unawasha birika, pa! Giza. Nikatafuta zile kubwa zaidi, nikaweka mwenyewe. Sasa hakuna shida tena."

Hakuna shida tena. Nilikuwa na sufuria mkononi, nikaiweka chini. Wewe ukaniuliza, "Koko, umechoka?" Nikakuambia nyamaza, ongea na bwana yako.

Neema, maneno yale niliyasema mimi. Niliyasema mbele ya kanisa zima na maiki mkononi.

Ulikuwa na miaka tisa, unakumbuka nusunusu, basi mimi nitakupa nusu nyingine. Ile nyumba yetu ya kwanza, ya mtaa wa Albert Park, ghorofa ya sita, ilijengwa kwa ajili ya familia moja ya Wazungu na mbwa wao. Sisi tulikuwa familia sita. Kila chumba kimekatwa katikati na mbao nyembamba, kila mlango ni rido, pazia la nailoni, na kila familia iko na resho yake ya umeme ya kupikia, birika lake na pasi yake. Mwezi wa saba, ikishuka ile baridi kidogo ya Durban ambayo kule unakokwenda wataiita joto, kila familia ilitafuta na heta. Vyote vinakula kwenye waya mmoja.

Pale karibu na mlango palikuwa na boksi la umeme, na ndani ile swichi ndogo inayoitwa breka. Kila jioni watu wakipika, inaanguka. Giza! Kelele zinaanza.

"Nani amewasha heta?"

"Ni wale Warundi!"

"Warundi gani? Sisi tunakula mkate mkavu tangu juzi!"

"Basi ni Mama Feza na ile friji yake ya kulaza samaki!"

"Friji yangu ilikuwa hapa kabla ya ndoa yako, na itabaki baada yake!"

Ndiyo, nilikuwa na mdomo. Bado ninao.

Sasa sikia tulivyofanya sisi watu wenye akili. Tulikaa kikundi cha sala, tukakubaliana kwamba iko roho ya giza inayotufuata. Tulitoka kwenye vita, tukafika mpaka huku, na bado giza inatufuata? Lazima ni roho. Tukafunga kula. Mchungaji akaja akapaka boksi la umeme mafuta. Breka ikaanguka kabla hajamaliza "Amina." Ndipo mtu akatuletea kijana mmoja wa pale kwenye stendi ya taxi, alikuwa anatengeneza redio za madereva, wote wanamwita Teknisien. Alifungua boksi, akatoa breka ndogo, akaweka kubwa. Hakukaa hata muda wa chai kuiva. Usiku ule tulipika wote, resho sita, heta sita, taa zote, na swichi haikutikisika. Tulicheza, Neema. Ulicheza na wewe.

Jumapili yake nikasimama kutoa ushuhuda. "Bwana asifiwe!" "Amina!" "Ile nguvu ya giza iliyokuwa inakata umeme kwangu imeshindwa! Sasa hakuna shida tena!" Watu wakapiga makofi mpaka viti vikasogea. Nikarudi kukaa nimenyoosha shingo kama bibi harusi.

Ile swichi ndogo haikuwa adui. Ilikuwa inatuambia: waya huu mwembamba, umebeba mzigo wa nyaya tatu, shusheni. Inaanguka ili ukuta usiungue. Sisi tukamfukuza mlinzi kwa sababu anapiga kelele.

Baada ya pale ndipo ikaanza harufu.

Harufu ya samaki. Samaki aliyekaa. Na ndani ya nyumba ile nani anauza samaki? Watu wote macho kwangu. Yule mama wa chumba cha mbele, mwenye nywele za kununua, alisimama katikati ya korido akaziba pua.

"Mama Feza, ndagala zako zimeoza!"

"Kilichooza ni mdomo wako. Ndagala zangu zimekaushwa na jua la ziwa!"

"Basi jua la ziwa linanuka!"

Niliona haya, nikaficha haya kwa matusi. Nikatoa magunia yote nikayapeleka kwa rafiki yangu kule sokoni. Nikaosha sakafu na sabuni ya unga. Harufu ikabaki. Nikaosha friji. Ikabaki. Nilikasirika sana kwa kusingiziwa hata sikujiuliza swali la mtoto mdogo: kama samaki wameondoka, ni nini kinachonuka? Waya ukiungua polepole, ile plastiki yake na ya soketi inatoa harufu ya samaki. Sikujua. Nyumba ya mtu mwingine ingeshtuka mapema. Nyumba ya muuza ndagala haikushtuka.

Nakuandikia hili ulishike hata ukisahau mengine: ukisikia samaki ndani ya nyumba ambayo hujapika samaki, usifungue dirisha urudi kulala. Zima umeme, mchukue mtoto, toka.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Kitanda chako kilikuwa kimeegemea ule ukuta. Ulikuwa unapenda kuweka mgongo pale, ulisema ukuta ni wa joto kama mama. Mimi nikasema mtoto huyu anaota. Siku moja akaja yule mwangalizi wa jengo, yule wa funguo nyingi, anapita kila mlango anauliza: kuna shida yoyote? Sisi tukajipanga pale korido kama wanafunzi, kusema yote ni salama. "No, sir. Sharp, sir." Karatasi za ukimbizi za nusu ya watu zilikuwa zimekwisha muda. Tulikuwa sita mahali pa familia moja. Nani aseme shida? Na wewe, na Kiingereza chako cha shule, ukafungua kinywa: "Uncle, ukuta wetu uko moto."

Nilikufinya. Hapa, juu ya kiwiko, kwa kucha. Ukanyamaza. Nikamchekea yule bwana usoni, nikamwambia mtoto ana homa. Akaenda zake.

Umekua mtu mzima na hujawahi kunirudishia neno la siku ile. Ningependa ungenirudishia.

Moto ulitoka Jumamosi mchana, mimi nikiwa Warwick. Siku ile kweli ulikuwa na homa, nikakuacha umelala. Umeme ulikuwa umekatwa kwa ile zamu ya mtaa, na kila mtu alipotoka aliacha swichi yake imewashwa, hakuna aliyekumbuka. Umeme uliporudi, resho na heta na pasi vikaamka kwa pamoja. Breka kubwa haikusema kitu. Ukuta ukawaka kutoka ndani, nyuma ya kitanda chako.

Aliyeingia kukuokoa ni Mama Odeta, Mrundi, yule niliyekuwa nampigia kelele kwa ajili ya heta. Rido lilikuwa limeshika moto, nailoni inadondoka. Akalishika kwa mikono miwili, akalivuta, akakutoa amekubeba. Nailoni ikishika ngozi haitoki. Yeye alikuwa anasuka nywele, Neema, wanawake walikuwa wanatoka mbali, hata kule Chatsworth, kumfuata. Hajasuka tena. Jana alipokuja kukuaga uliona anavyoshika kikombe, kati ya viganja, kama anaomba.

Mimi nilifika, nikakuta watu barabarani na magodoro. Wananiambia, "Mtoto iko hai, Mama Feza, iko hai." Sikusikia mtu. Nilikukuta umekaa juu ya sufuria iliyopinduliwa, nikashika miguu yako kwanza. Sijui kwa nini miguu. Nikaishika mpaka Mama Odeta, yeye mwenye mikono imefungwa kitambaa cha maji, akaniambia, "Mwache, unamwumiza."

Wakati wa kutengeneza jengo akaja fundi mmoja kutoka Chatsworth, Bwana Suleman, wa wale wanaoitwa Wazanzibari wa kule. Mtu wa kelele, anajisifu, anakula ndagala kavu kwenye mfuko kama karanga. Alipasua ukuta akanionyesha waya: ganda limekauka, ukiligusa linakatika kama jani la mahindi. Kisha akanyanyua ile breka. "Gogo," akaniita, ndivyo Wazulu wanavyomwita bibi, "nani ameweka hii?" Nikamwambia ni mimi nililipa. Akanitazama. "Hongera. Kweli breka haitaanguka tena. Itaanguka nyumba."

Jumatatu nilimwita pale kwenye meza yangu sokoni, nikamwonyesha ile video ya chumba Fiston aliyonitumia baada ya simu. Aliitazama mara moja, akaacha kutafuna.

"Eish, gogo. Mimi baridi ya kule siijui, na sheria yao siijui. Lakini waya ni waya."

Akaniambia hivi. Hapa Durban waya unapumzika. Heta inawaka wiki chache, inazimwa. Kule miezi na miezi haizimwi, mchana na usiku, na mabomba ya maji nayo yanafungwa waya wa moto yasigande, na gari nalo linachomekwa kwenye umeme usiku ili asubuhi liwake. Nyumba ile ilijengwa watu wakiwa na taa chache na redio moja. Nyaya zake zimezeeka, na mara nyingi kule wanajaza sufi ndani ya kuta kuzuia baridi, basi waya wa zamani unakaa umefunikwa blanketi na hauna pa kupoa. Zile fyuzi za kioo za kufunga kama balbu, mtu anaweza kuchomoa ndogo akaingiza kubwa, na inaingia tu. Hapo ndipo watu wanapofia.

"Na dawa yake?" nikamwuliza.

"Dawa ni fundi mwenye cheti cha huko huko, si mtu wa 'ninajua kidogo'. Apime. Arudishe fyuzi ndogo leo leo. Abadilishe boksi lote, avute waya mpya kwa heta peke yake, wenye waya wa ardhi. Hiyo ni kazi ya wiki, si ya saa moja."

"Na kabla ya wiki?"

Akaufunga mfuko wake wa ndagala. Kisha akasema, "Kabla ya wiki, mtoto asilale pale na ile heta ikiwaka. Na lile dirisha, gogo. Watoke wapi?"

Watoke wapi. Tangu siku ile ninapika na swali hilo, ninauza na swali hilo.

Jumanne nikampigia Fiston, wewe ukiwa kwenye ofisi ya chanjo. Sikukuambia. Nilianza kwa upole, kwa jinsi ninavyoweza upole.

"Papa, zile fyuzi kubwa, zitoe."

Akacheka. "Koko, huku si Albert Park. Huku kila kitu iko kontrole. Huku kuna sheria."

"Hiyo sheria iliingia chumbani kwako lini?"

"Koko..."

"Nakuuliza. Iliingia lini? Ilikaa kwenye kapeti? Ilikunywa chai?"

Sauti yake ikabadilika. "Koko, ukweli? Nikimwambia huyu mzee habari ya umeme, atasema chumba chake hakifai watu. Atanitoa. Nimetafuta miezi minane. Bibi yangu Neema anakuja, mtoto anakuja, na nje mate yanaganda kabla hayajafika chini. Nitawapeleka wapi?"

Neema, nilikuwa nimetayarisha matusi ya kutosha mwaka mzima, na sikumtukana hata moja. Kijana si mjinga. Anaogopa. Anajipanga kwenye korido na kusema "No, sir, sharp, sir," kama nilivyojipanga mimi. Nilimsikia nikajisikia mwenyewe. Nikamwambia, "Haya, papa. Ubaki na Mungu." Nikakata simu, nikarudi nyuma ya magunia yangu.

Kwa hiyo nimebaki na wewe. Yeye hatagonga mlango wa yule mzee. Wewe utagonga.

Najua utakavyofanya nikikuacha hivi hivi. Utafika umechoka, mtoto analia, bwana yako ameosha nyumba na kupika, machozi ya furaha yanamtoka. Utaona waya chini ya kapeti. Utaona, kwa sababu sasa umesoma. Na utajiambia, leo siku ya kwanza, nitamwaibisha, nitasema kesho. Kesho utasema wiki ijayo. Mimi ndiye niliyekutengeneza hivyo, kwa kucha mbili tu. Mtoto aliyeona ukuta wa moto akasema wazi mbele ya wakubwa, nikamfanya msichana wa "Ndiyo, Koko." Watu wananisifu, wanasema Mama Feza amelea mtoto mwenye heshima. Kila wakisema hivyo naona ule mkono wako mdogo.

Rudi kwa yule mtoto. Siku ile ile unayofika, kabla hujavua koti, umshike mume wako mkono na kumwambia kwa sauti ya chini, si mbele ya wageni: heta ile inazimwa, na mimi na Elia hatulali chumba hiki mpaka fundi aje. Asipokubali, umwambie ni mimi nimekataza. Umwambie Koko ni mzee mkorofi, hakusoma, ana roho ya vita, akikasirika anapigia simu mama mkwe na wazee wa kanisa na anaongea mpaka salio linaisha. Nitupie mimi lawama yote. Nina mgongo wa kubeba. Akitaka kukasirika, anikasirikie mimi, niko mbali.

Kisha panda ngazi ukamwone yule mzee. Usipeleke malalamiko. Mpelekee chapati. Umwambie: mzee wangu, taa za chini zinafifia, na fyuzi zimewekwa kubwa kuliko waya. Wewe unalala juu yetu. Moto haupandi ngazi kwa kuuliza kodi ni ya nani. Yule amezaliwa ndani ya nyumba ile, hataki kufia ndani yake. Inawezekana atafoka. Inawezekana hata atawaambia mtafute pengine. Basi mtatafuta. Nimefukuzwa nyumba nne katika mji huu, na kila mara nilipata nyingine. Ngozi ya Mama Odeta sijaipata popote.

Na ile nailoni ya dirishani, uitoe kwa mkono wako. Baridi itaingia. Acha iingie. Vaeni nguo zote mlizonazo, laleni watatu sebuleni kwa yule mzee kama atakubali, au kwa yule rafiki wa kanisa aliyempokea Fiston kule, mlale mmebanana kama ndagala kwenye gunia. Baridi unaiona, unaisikia, unaipigania. Ile nyingine inakaa ndani ya ukuta kimya, na inakungoja usinzie.

Sasa nasikia sauti zenu chini, mnashuka kwenye gari la mchungaji na bado mnaimba. Nitaiweka barua hii kwenye mfuko wa nepi za Elia, mahali ambapo lazima utaingiza mkono kabla hujafika. Usinijibu ukiwa ndani ya ndege. Ukifika, wote watakuuliza habari za theluji, uwatumie picha. Mimi picha ya theluji sitaki. Nitakuwa nimekaa na simu mapajani, sitakwenda sokoni, sitapika, mpaka uniandikie neno moja tu la kunijibu: mtoto amelala wapi?

Koko wako,
Feza